Mshale Unapogusa Upinde: Kukagua na Kuondoa Mgusano kwenye Upinde wa Rikavu

Mada kwa ajili ya semina ya makocha na mafundi wa vilabu vya upinde



Fainali ya mtu mmoja mmoja ya wanaume katika Olimpiki ya Paris 2024 iliamuliwa kwa milimita 4.9. Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani walimaliza seti zote wakiwa sare, wakapewa mshale mmoja mmoja wa kuamua, wote wawili wakapata kumi, na waamuzi wakalazimika kupima ni mshale upi ulio karibu zaidi na kitovu. Shabaha ilikuwa mita 70 kutoka walipokuwa wamesimama. Duara la kumi kwenye shabaha ya aina hiyo lina upana wa sentimita 12.2. Mshale ambao mkia wake umegusa upinde wakati wa kutoka unaweza kutupwa nje ya duara hilo, na mpigaji akabaki anautazama mkono wake kana kwamba ndio uliokosa.

Nimechagua upinde wa rikavu, ule wenye ncha zilizokunjwa kuelekea mbele, kwa sababu ndio ulio mikononi mwa vijana wetu wengi, na ndio uliotumika Olimpiki tangu mchezo huu uliporudishwa Munich mwaka 1972. Ndio alioutumia Mkenya Shehzana Anwar huko Rio mwaka 2016. Hoja yangu ni moja: mgusano ukaguliwe kabla ya jaribio lolote la kuoanisha mshale na upinde. Mara nyingi tunafanya kinyume. Tunachezea springi ya plunja, ile pini iliyo ubavuni mwa mpini, tunahamisha alama ya ugwe, yaani mahali mkia wa mshale unapokaa kwenye ugwe, tunaagiza mishale mipya, halafu mwisho kabisa, tukiwa tumechoka na pesa imeisha, ndipo mtu anauliza kama manyoya yanagonga mahali.

Katika mada yote nitazungumzia mpigaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Mshale unavyotoka

Mwenye upinde wa rikavu huachia ugwe kwa vidole. Vidole havitoweki, ugwe hulazimika kuteleza na kuzizunguka ncha zake, kwa hiyo huanza safari kwa kusogea kidogo upande wa kushoto. Papo hapo nguvu yote ya upinde inausukuma mshale kwa nyuma, huku uzito wa chembe ukiwa bado umetulia mbele. Uti uliobanwa hivyo lazima upinde. Tumbo lake kwanza huelekea mpinini na kuikandamiza plunja. Kisha hujikunja upande wa pili, mshale ukaachana na plunja na kiegemeo kinachoushikilia kwa chini. Mkia unapofika kwenye mpini unapaswa kuwa unaelekea nje, upite bila kugusa chochote. Haya yote humalizika ndani ya muda usiofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde.

Clarence Hickman, mwanafizikia wa Maabara za Bell nchini Marekani, alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1930 kwa picha za kasi kubwa, na tangu hapo hakuna sababu ya kubishana kama mshale hupinda au haupindi. Mafundi wa jadi hawakuhitaji picha hizo. Upinde wa Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi hauna dirisha lililochongwa wala kiegemeo. Mshale unapita ubavuni mwa mti wenyewe, na bado unafika kwenye mnyama, kwa sababu fundi amechagua kijiti chenye ugumu unaofaa, akakinyoosha kwa moto na meno mpaka akaridhika nacho.

Sisi ugumu tunaununua ukiwa umeandikwa ubavuni mwa uti. Kipimo chake ni hiki: uti hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, uzito wa gramu 880 unaning'inizwa katikati, na kiasi cha kubonyea kinasomwa kwa sehemu za elfu za inchi. Uti ulioandikwa 600 umebonyea inchi 0.600, karibu milimita 15. Namba ikipanda, uti ni laini zaidi. Lakini namba hiyo hupatikana mshale ukiwa umelala. Ukiwa kwenye upinde, uti uleule huwa laini zaidi ukiuacha mrefu, ukiufunga chembe nzito, au ukiongeza uzito wa kuvuta. Na huwa mgumu zaidi ukiukata. Kijana aliyerefuka sentimita kumi katika mwaka mmoja anavuta zaidi ya alivyokuwa akivuta, na mishale yake ya mwaka jana si mishale yake tena.

Mgusano unavyodanganya

Jaribio ambalo kila kocha analijua ni la mshale usio na manyoya. Unapiga mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo kutoka mita 18, baadaye 30, kisha unalinganisha ilikoangukia. Ile mitupu ikiwa kushoto ya kundi, mshale ni mgumu kwa upinde huo. Ikiwa kulia, ni laini. Ikiwa juu ya kundi, alama ya ugwe iko chini mno. Ikiwa chini ya kundi, alama iko juu mno. Kanuni hizi ni sahihi, kwa sharti kwamba hakuna kilichogusa kitu njiani.

Sasa chukueni mshale ulio mgumu kupita kiasi. Haupindi vya kutosha kuuzunguka mpini, kwa hiyo mkia unaugonga. Mpini uko kulia kwa mshale. Pigo linausukuma mkia kushoto, pua inaelekea kulia, na mshale mtupu unaangukia kulia ya kundi. Kocha anasoma kanuni yake na kusema mshale ni laini. Anaagiza mishale migumu zaidi. Hiyo mipya inagonga kwa nguvu zaidi.

Kwa juu na chini ni vivyo hivyo. Alama ya ugwe ikiwa chini mno, mkia unashuka juu ya waya wa kiegemeo, unarushwa juu, pua inainama, na mshale mtupu unaanguka chini ya kundi. Kanuni inasema alama iko juu, mpigaji anaishusha, na tatizo linakua. Kuoanisha upinde wenye mgusano ni kupima sukari huku kidole cha muuza duka kikiwa juu ya mzani: unaweza kurudia mara ishirini na kila mara ukapata jibu linaloonekana halali.

Jambo lingine linalopoteza watu ni umbali. Upinde wenye mgusano mdogo unaweza kutoa kundi zuri mita 18 ukumbini, manyoya yakawa yameurekebisha mshale kiasi. Ukitoka nje kwenda mita 50 au 70, kundi linapanuka kuliko umbali unavyostahili. Kocha anasema kijana anaogopa uwanja. Huenda anaogopa kweli, lakini kupaka poda kwenye mshale ili kuona ulipogusa ni rahisi kuliko kumchunguza kijana roho, basi tuanze na poda.

Dalili na ukaguzi

Kabla ya poda, tumieni macho na masikio. Chukueni mishale iliyotumika muda mrefu mtazame kingo za manyoya. Unyoya mmoja uleule ukiwa umechakaa kwenye mishale yote, hasa ule wa chini upande wa mpini, mna jibu nusu. Tazameni sehemu ya mpini iliyo chini na juu ya plunja: michirizi midogo ya rangi ya manyoya haikujichora yenyewe. Waya wa kiegemeo unaopinda kila wiki haupindi kwa sababu ni wa bei rahisi. Sikilizeni pia. Upinde uliotulia una mlio mmoja mzito. Kukiwa na mlio mkavu mdogo juu yake, kitu kimegongana na kitu.

Mtu mwingine asimame nyuma ya mpigaji atazame mkia wa mshale. Mkia ukiyumba kulia na kushoto kwa upana, shida mara nyingi ni ugumu wa mshale. Ukipanda na kushuka, shida ni alama ya ugwe. Ila kuna mtikisiko wa tatu, mdogo na wa haraka sana, wa kulia na kushoto, unaoonekana kama mkia unatetemeka badala ya kuyumba. Huo ndio wa kuutilia shaka. Kwa kawaida ni sehemu ya nyuma ya mshale iliyogusa kiegemeo.

Wengine sasa hutumia simu. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde itakupa picha zisizozidi nne katika muda wote ambao mshale uko kwenye upinde. Inafaa kuonyesha mkono uliotetereka au ugwe uliogonga kifua, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba unyoya haukugusa waya.

Poda inathibitisha. Iliyo bora ni poda ya kupuliza kutoka kwenye kopo, ile ya miguu au ya nywele, kwa sababu inatanda sawasawa na kushika. Pulizieni robo ya nyuma ya mshale pamoja na manyoya yake, kiegemeo, kichwa cha plunja na eneo la mpini linalozunguka. Ikikosekana, futeni mshale kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha mnyunyize poda ya mtoto. Rangi ya midomo ikipakwa kwenye waya na kichwa cha plunja nayo inafanya kazi, na ina faida kwamba huacha alama kwenye unyoya wenyewe. Mshale uwekwe kwenye ugwe bila kugusa eneo lenye poda. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika, mtu akapata alama za vidole vyake na kuzifanyia mkutano.

Pigeni kutoka karibu, mita kumi au chini, kwenye shabaha ngumu ambayo haitaumeza mshale hadi manyoya, la sivyo shabaha itaifuta poda na hamtajua alama ni za nani. Mpigaji awe mwenye upinde mwenyewe, avute kama anavyovuta siku zote. Kocha akipiga kwa niaba yake anakagua mkono wa kocha. Na msitosheke na mshale mmoja. Pigeni kadhaa, kwa sababu mgusano mwingine hutokea mara mojamoja, na huo ndio unaoharibu mashindano.

Alama iliyo kwenye waya na kwenye unyoya wa chini inaelekeza kwenye kiegemeo au alama ya ugwe. Iliyo kwenye mpini na ukingo wa unyoya wa juu wa ndani inaelekeza kwenye ugumu wa mshale, mstari wake, au mkono uliosokota mpini. Mchirizi kwenye uti pale ulipolala juu ya waya na plunja mwanzoni ni wa kawaida, msiufukuze.

Marekebisho

Kanuni yangu ya marekebisho ni kuanza na kisichogharimu kitu na kinachoweza kurudishwa kilivyokuwa. Badilisheni kitu kimoja, pakeni poda upya, pigeni.

Noki, kile kipande cha plastiki kinachouma ugwe, huzunguka. Mshale una manyoya matatu, na ule wa rangi tofauti huelekezwa nje, mbali na mpini, ili mengine mawili yaupite mpini moja juu na moja chini. Lakini mahali hasa pa kupita hutegemea kiegemeo chako. Izungusheni noki kidogo mno, kiasi cha sehemu moja ya thelathini ya mzunguko, pigeni na poda, zungusheni tena. Ni jambo la kushangaza jinsi malalamiko mengi yanavyoishia hapa. Na ikiwa katika seti yote ni mshale mmoja tu unaotoroka, kagueni noki yake kabla ya kuulaumu uti.

Waya wa kiegemeo ndio mkosaji wa pili. Mshale ukiwa umeegemea plunja, tazameni kutoka juu: ncha ya waya isichungulie nje ya uti. Ikichungulia, unyoya wa chini utaikuta. Pindeni ncha kwa ndani au ikateni kidogo na kuisugua isiwe na makali. Kiegemeo cha sumaku kinachojikunja mshale unapopita husaidia, mradi kinarudi mahali pake kila mara. Kikilegea ni heri kile cha plastiki cha kubandika. Urefu wa kiegemeo nao upimwe. Katikati ya uti iguse katikati ya kichwa cha plunja. Uti ukigusa nusu ya juu au ya chini ya plunja, mshale unasukumwa juu au chini mara tu unapoachiwa, na hakuna alama ya ugwe itakayoponya hilo.

Alama ya ugwe wengi huifunga kwa uzi wa meno au uzi wa kuzungushia ugwe, na hiyo ni bora kuliko ya shaba kwa sababu husogezwa kwa kuizungusha. Anzieni milimita 10 hadi 13 juu ya mstari wa pembe mraba unaoonyeshwa na rula ya upinde. Mkishuku kwamba mkia unagonga kiegemeo, pandisheni milimita moja au mbili bila kujali mshale mtupu umesema nini. Noki nayo isiubane ugwe: mshale uliotundikwa kwenye ugwe unaotazama chini uning'inie, na udondoke ugwe ukigongwa kidogo kwa kidole. Noki inayong'ang'ania huuvuta mkia wakati wa kuachana.

Nafasi kati ya ugwe na mpini, ambayo kwa upinde wa inchi 68 huwa kwenye sentimita 21.5 hadi 23.5, hubadilishwa kwa kusokota au kusokotoa ugwe. Huamua mshale uachane na ugwe ukiwa umefika wapi katika kupinda kwake. Milimita tatu zinatosha kuhamisha mkia kutoka kwenye kugusa hadi kwenye kupita. Sokoteni mizunguko michache kwa wakati mmoja, sikilizeni mlio, na mlio mtulivu zaidi ukipatikana, andikeni kipimo. Ugwe mpya hurefuka kwa mishale ya mwanzo, kwa hiyo msimkague mtu siku aliyobadilisha ugwe.

Manyoya yenyewe yanaweza kuwa makubwa kuliko haja. Ukumbini wengi hupenda manyoya marefu ya ndege, na manyoya halisi yana huruma: yakigusa hulala, kisha huinuka. Plastiki ngumu haisamehe, inaruka. Kwa mwanafunzi anayepiga bila plunja, manyoya ya ndege ni chaguo la busara. Kwa mishale ya nje, mapezi ya plastiki yaliyo mafupi na ya chini hupita kwa urahisi zaidi.

Baada ya haya, kama poda bado inaonyesha alama mpinini, tazameni mstari wa mshale. Ugwe ukiwa umepasua mpini na mabawa, zile sehemu mbili za upinde zinazopinda, katikati kwa jicho, ncha ya mshale inapaswa kuonekana kidogo kushoto ya ugwe. Ikiwa ndani, kulia, ongezeni plunja nje. Ukiwa sawa na bado unagonga, ndipo mnapofika kwenye ugumu. Mshale mgumu mno hulainishwa kwa kuongeza nusu mzunguko au mzunguko mmoja kwenye boliti za mabawa, au kwa chembe nzito zaidi. Laini mno hushughulikiwa kinyume chake. Kumnunulia mpigaji uti mpya ni hatua ya mwisho, na hapo mtakuwa mnajua mnanunua nini.

Springi ya plunja nimeiacha makusudi. Ni kifaa cha kumalizia, cha kuhamisha kundi sentimita chache kulia au kushoto. Nimeona ikikazwa hadi mwisho ili kuficha mshale usiofaa, na kwa wiki mbili mambo yakaonekana mazuri.

Mpigaji

Kuna mgusano ambao hakuna bisibisi inayoufikia. Kidole cha juu na cha kati vikibana noki, mshale huinuka au kusogea kwenye kiegemeo kabla hata haujaachiwa. Kipande cha ngozi chenye kitenganishi kati ya vidole hivyo huondoa sehemu kubwa ya hilo. Kiganja kinachoukamata mpini badala ya kuuacha ujikalie huusokota wakati wa kuachia, na mpini unaosokotwa kwenda kushoto unaenda kuufuata mkia. Ugwe ukigusa kinga ya mkono au kifua, njia yake inabadilika na mshale nao. Paka poda kwenye kinga ya kifua siku moja. Kocha asiyeamini ataamini.

Pale ambapo klabu inaazimana vifaa, tatizo la mgusano huongezeka maradufu. Upinde wa kuvuta ratili 20 ukipewa mishale ya mtu mzima anayevuta 38, mgusano hauepukiki, na mtoto atajifunza kuukwepa kwa kupinda mkono. Tabia hiyo itabaki naye hata akipata vifaa vyake. Kwa klabu kama hiyo, kuandika kwa kalamu isiyofutika kwenye kila uti uzito wa upinde unaoufaa ni kazi ya jioni moja.

Ninawaomba makocha mliopo mkirudi vilabuni mwenu mweke kopo la poda kwenye sanduku la vifaa kando ya rula ya upinde, na msiruhusu mpigaji yeyote aanze jaribio la mshale mtupu kabla ya kupiga mishale yenye poda mbele ya macho yenu.